Buick Riviera ya 1982: paa lilivyokatwa, na dola 10,000 zilivyokwenda

Mwaka 1982 mteja aliyeingia kwa muuzaji wa Buick nchini Marekani alikuta Riviera za aina mbili. Ya paa la chuma iliuzwa kwa kama dola 14,000. Ya pili, yenye paa la turubai linalojikunja kwa swichi, ilikaribia dola 24,000. Chasisi ni ileile, dashibodi ileile, boneti ileile ndefu. Tofauti ya dola 10,000, ambayo wakati ule ilitosha kumnunulia mtu gari jipya la kawaida la familia, ilitozwa kwa kitu kilichoondolewa.

Ukisema gari limekatwa paa, msikilizaji anafikiria kupunguza. Bati limetoka, uzito umeshuka, kazi yenyewe ni ya msumeno na mchana mmoja. Sasa tazama Cadillac Eldorado ya wazi ya 1984, ndugu wa chasisi moja na Riviera hii, iliyokatwa paa na kampuni ileile ya nje iliyowakatia Buick Riviera za wazi. Ilizidi uzito wa Eldorado ya paa la chuma kwa kama kilo 91. Na hizo ni kilo zilizobaki baada ya kuondoa paa lenyewe, kwa hiyo chuma kilichoongezwa kilikuwa kingi kuliko hapo. Ukitaka kujua dola 10,000 zilikwenda wapi, anza kuzitafuta kwenye hizo kilo.

Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, maana jina Riviera lina historia ya kuchekesha kwenye jambo hili la mapaa.

Kampuni ya Buick ililitumia kwa mara ya kwanza kwenye gari la paa gumu mwaka 1949, kwenye Roadmaster Riviera. Mwaka huohuo General Motors, kampuni mama ya Buick, ilitoa magari matatu ya mtindo mmoja: hilo la Buick, Cadillac Coupe de Ville, na Oldsmobile 98 Holiday. Yote matatu yalitokana na wazo moja. Chukua bodi ya gari la wazi, ondoa turubai, weka paa la chuma lisiloondoka, na usiweke nguzo kati ya kioo cha mlango na kioo cha nyuma ya mlango. Ukishusha vioo vyote, ubavu mzima unakuwa wazi. Inasimuliwa kwamba mke wa mmoja wa wakubwa wa Buick alikuwa akinunua magari ya wazi kila mara lakini hashushi turubai hata siku moja, asije akaharibu nywele. Alichopenda ni umbo tu. Kweli au porojo, gari lenyewe lilimfaa mtu wa namna hiyo. Matangazo ya enzi hizo yaliyaita magari haya kuwa ni ya wazi yenye paa gumu, msemo unaojipinga wenyewe na ambao haukumsumbua mnunuzi yeyote.

Kwa hiyo paa gumu la Kimarekani, lile lisilo na nguzo ya kati ambalo leo wapenzi wa magari ya zamani wanalihusudu, lilianza kama gari la wazi lililofunikwa. Miaka 33 baadaye Buick walifanya kinyume chake kwa kutumia jina lilelile.

Riviera kama gari linalojitegemea ilitoka mwaka 1963, chini ya mkuu wa usanifu wa General Motors, Bill Mitchell. Yalitengenezwa magari 40,000 mwaka huo, na Buick walikusudia yasizidi hapo. Umbo lake bado linatajwa miongoni mwa yale bora yaliyowahi kutoka Detroit, nami nakubaliana na wanaosema hivyo. Likaja la 1966, likaja la 1971 lenye mgongo uliochongoka kama mkia wa mashua. Katika vizazi vyote hivyo, hadi 1981, kiwanda hakikutoa Riviera ya wazi hata moja. Wenye hamu nayo waliikata wenyewe, au waliishia kutamani.

Na wakati Riviera inaendelea kufunikwa, magari ya wazi kwa jumla yalikuwa yanakufa. Mwaka 1965 Marekani ilitengeneza karibu nusu milioni. Miaka 10 baadaye yaliyobaki yalikuwa ya kuhesabu. Watu hupenda kuilaumu serikali kwa hili, na ni kweli wasiwasi ulikuwepo: wasimamizi wa usalama barabarani walizungumzia majaribio ya magari kupinduka, na hakuna turubai linaloweza kushinda jaribio la namna hiyo. Lakini mwaka 1972, katika kesi iliyofunguliwa na Chrysler na wenzake, mahakama ya rufaa ilisema kanuni za usalama haziwezi kuandikwa kwa namna ya kuyafuta magari ya wazi sokoni. Kanuni ya nguvu ya paa ilipoanza kutumika, magari ya wazi yalisamehewa. Sheria iliyosubiriwa kuyaua haikuja. Kilichoyaua ni kiyoyozi, kilichomfanya mtu afunge vioo kwa raha zake. Ni barabara kuu za mwendo wa kasi, ambako upepo unakuwa kelele tupu. Na ni vibaka wenye visu vya kupasulia turubai. Pia ni hesabu ya viwanda vyenyewe, maana gari linalouzwa kidogo halilipi gharama ya kubuniwa upya.

Buick walitoa gari lao la mwisho la wazi mwaka 1975. Cadillac wakafunga duka tarehe 21 Aprili 1976 huko Detroit, kwa sherehe, kwa Eldorado nyeupe waliyoitangaza kuwa ni gari la mwisho la wazi la Marekani. Magari 14,000 ya mwaka huo yalinunuliwa kama watu wananunua dhahabu. Mengine yaliwekwa gereji bila kutembea, yakisubiri kupanda bei. Tutayarudia.

Kijana wa matundu

Heinz Prechter alizaliwa Bavaria, Ujerumani, mwaka 1942, akaingia Marekani mwaka 1963 kama mwanafunzi wa kubadilishana huko San Francisco. Ujerumani alikuwa amejifunza kazi ya bodi na upambaji wa magari. Aligundua kwamba Wamarekani, pamoja na magari yao makubwa kuliko ya watu wote duniani, hawakuwa na kitundu cha kufunguka juu ya paa ambacho Wajerumani walikuwa wameshakizoea. Mwaka 1965 akafungua karakana Los Angeles, akaiita American Sunroof Company. Simulizi ya kampuni inasema alianza na vifaa vya dola 764, baadhi vikiwa vya kuokoteza, na meza ya kazi iliyotokana na mlango wa zamani. Baada ya muda mfupi alihamia Michigan, jirani na viwanda.

Biashara yake ya kwanza ilikuwa kutoboa mapaa ya magari mapya. Mtu anayetoboa mapaa kila siku, kwa maelfu, bila kuvujisha maji na bila kurudishiwa gari, anajifunza jambo ambalo mhandisi wa kiwandani halijui kwa mikono yake: ni sehemu gani ya paa inabeba kitu, na ipi ni kifuniko tu. Nadhani hapa ndipo penye jibu la kwa nini kazi ya Riviera ilikwenda kwake. ASC, kama kampuni ilivyokuja kufahamika, ilikuwa imefika mahali pa kuchukua gari zima na kulirudisha kiwandani likiwa gari jingine.

Haikuwa peke yake. Hess & Eisenhardt wa Cincinnati, ambao mwaka 1961 walilirefusha na kulitengeneza Lincoln la Rais Kennedy, walikuwa wanakata Cadillac za milango miwili kwa wateja wenye uwezo mara tu baada ya Eldorado ya mwisho. Kampuni ya Cars & Concepts ya Brighton, Michigan, ilipewa kazi ya kuwakatia Chrysler gari la LeBaron kwa mwaka huohuo wa 1982. Tofauti ni kwamba Buick walitaka gari la fahari lenye jina kubwa, litakaloonyeshwa dirishani na kuvuta watu, hata kama wengi wao wataondoka na sedani.

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu. Riviera ilitengenezwa kama kawaida kwenye mstari wa kiwanda cha Linden, New Jersey, ikiwa na paa lake. Kisha ikasafirishwa kama kilomita 1,000 hadi Lansing, Michigan, kwenye karakana ya ASC. Huko paa likakatwa, mwili ukaimarishwa, turubai na mitambo yake vikafungwa, mambo ya ndani yakapangwa upya, gari likakaguliwa na kutumwa kwa wauzaji likiwa na dhamana ya Buick.

Mtu wa biashara akisoma hapo lazima ashtuke. Gari linalipiwa paa, bitana ya ndani ya paa, kioo cha nyuma, kazi ya kuvifunga vyote hivyo, halafu vinang'olewa. Ni ufujaji, lakini hesabu yake inakubali. Bodi mpya inayotoka kiwandani ikiwa wazi inahitaji fomu mpya za kukandamizia bati, na fomu hizo ni za mamilioni ya dola. Tena mstari wa Linden ungelazimika kusimama au kupungua kasi kila linapopita gari lisilofanana na mengine. Mwaka 1982 zilitoka Riviera za wazi 1,248. Gawanya mamilioni kwa idadi hiyo uone. Kuvitupa vioo na bitana 1,248 ni nafuu kuliko kubuni njia ya kutovifunga. Ndiyo maana hata rangi zilibanwa: mwaka wa kwanza ulichagua nyeupe au nyekundu ya kumetameta, na ndani ngozi ya rangi ya damu ya mzee, basi. Kila chaguo unalompa mteja ni kitu kingine cha kuhifadhi stoo Lansing.

Kilo zilizorudi

Sasa kwenye chuma, ambako ndiko nilikotaka kufika.

Gari lililofungwa ni kasha. Sakafu, paa, nguzo, kioo cha mbele kilichogundishwa na ukuta wa nyuma vinashikana, na gurudumu moja likiingia shimoni nguvu ya kulisokota gari inasambaa kwenye kasha lote. Chukua kabati la nguo, litoe ubao wa mgongoni: linaanza kuegemea upande, na cha kwanza kugoma ni milango. Gari ni hivyohivyo. Dalili ya kwanza ya mwili uliolegea baada ya kukatwa si kelele wala mtikisiko, ni nafasi kati ya mlango na bodi, inayokuwa finyu juu na pana chini, au kinyume chake.

Riviera ya kizazi hicho, kilichoanza 1979, ilikuwa na bahati moja kubwa. Ingawa ilivutwa na magurudumu ya mbele, bado ilikaa juu ya chasisi ya pekee, mbao mbili za chuma zinazozunguka pembeni, na bodi ikafungwa juu yake kwa bolti na mpira. Kwa hiyo sehemu ya mzigo ilikuwa tayari inabebwa chini. LeBaron ya Chrysler haikuwa na chasisi ya namna hiyo. Bodi ndiyo kila kitu, na kulikata paa lake ni kukata mfupa. Wanaolinganisha magari haya mawili kwa bei tu husahau hilo.

Hata hivyo chasisi peke yake haitoshi. Zamani, General Motors walipokuwa wanatengeneza magari ya wazi wenyewe, chasisi zake zilitofautiana na za magari ya paa: mbao za pembeni ambazo kwenye sedani huwa wazi upande mmoja, kwenye gari la wazi zilifungwa pande zote nne zikawa boksi. Tofauti ya ugumu kati ya mbao wazi na boksi ni kubwa sana kwenye kusokotwa, ilhali uzito unaoongezeka si mwingi. Baadhi ya makampuni ya Marekani yalikwenda mbali zaidi, yakafunga vizito vya chuma kwenye pembe za gari, vinavyoning'inia kwa springi, ili vinyonye mtikisiko ambao chuma kilishindwa kuumaliza. Watu walivipachika jina la vitikisa pombe. Ni dawa ya kufunika ugonjwa, lakini ilifanya kazi.

Fundi anayekata gari lililokwisha kutengenezwa hana anasa ya kuanza na chasisi ya boksi. Anaongeza. Na mpangilio wa kazi ndio unaotenganisha karakana na karakana.

Kabla msumeno haujagusa bati, gari linawekwa sawa chini, likibeba uzito wake mwenyewe kama litakavyoubeba barabarani. Kisha zinachomelewa fito za muda kwenye uwazi wa milango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili vipimo visiondoke. Ukiliinua gari kwenye jeki nne bila fito, ukakata, ukachomelea viimarishi, utakuwa umeligandisha katika upindaji wake milele. Hakuna putty itakayoficha hilo.

Baada ya hapo kuna maeneo manne yanayodai chuma. La kwanza ni vizingiti vya milango na sakafu iliyo karibu navyo, kwa kuwa sasa ndivyo vinavyounganisha nusu ya mbele na nusu ya nyuma. La pili ni nguzo za kioo cha mbele. Zilikuwa zimeshikwa juu na paa. Sasa zimesimama peke yake, na juu yake kuna boriti ambayo turubai litajifunga hapo na kuivuta kila mara gari linapokwenda kasi. La tatu ni ukuta nyuma ya siti ya nyuma, ambao kwenye gari la kawaida huwa na matundu makubwa na bati jembamba kwa sababu hakuna aliyeutegemea. Ukiziba ukuta huo vizuri, gari linabadilika tabia kuliko ukiongeza chuma mahali pengine popote. La nne ni chini, kwa mataruma ya kukingama yanayozuia mbao za chasisi kutembea moja bila nyingine.

Kuna sehemu ambayo wakosoaji wa bei ya Riviera hawaijadili kabisa, nayo ni nafasi. Turubai, mbavu zake za chuma, mota na mabomba ya haidroliki ni lazima vilale mahali fulani. Hulala nyuma ya siti na pembeni mwake. Siti ya nyuma inabanwa, buti linaliwa, na vioo vya ubavuni vya nyuma vinahitaji uamuzi: utavifanya vishuke, ambayo ni mitambo mipya kabisa, au utaviondoa na kuliacha turubai lifunike hapo kwa upana, dereva asione kitu anapobadili njia. Kila uamuzi unagusa mwingine. Sogeza siti sentimita chache mbele na umegusa magoti ya abiria. Shusha kisima cha turubai na umegusa tangi la mafuta.

Mwenye kuona haya ni maneno ya vitabuni aende kwenye karakana za Arusha zinazotengeneza magari ya utalii. Land Cruiser inakatwa, inarefushwa, inapewa paa la kuinuka ili mgeni asimame apige picha ya simba. Inapita Serengeti miaka na miaka juu ya barabara ya mawimbi. Haivunjiki mgongo kwa sababu fundi anaondoa katikati ya paa na kuacha nguzo zote na fremu ya juu inayozizunguka. Fremu hiyo ndiyo inayoishikilia. Mwambie fundi huyohuyo aondoe nguzo na fremu, gari libaki wazi kuanzia kioo cha mbele hadi buti, uone atakavyobadilisha bei. Atafanya walivyofanya Buick.

Riviera ya wazi ilipewa pia breki za diski kwenye magurudumu yote manne kama vifaa vya kawaida. Nimeona watu wakilitaja hilo kama urembo wa kuhalalisha bei. Silioni hivyo. Gari limeongezewa uzito. Kulipatia breki za kulitosha ni wajibu.

Mbio, mahakama, na mwisho wa haraka

Mwaka 1983 Riviera ya wazi iliongoza msafara wa magari kabla ya kuanza kwa mbio za Indianapolis 500, ikiwa na injini ya V6 iliyofungwa turbo mbili, tofauti na zilizouzwa madukani. Tangazo bora kuliko hilo halikuwepo. Mwaka huo zilitoka 1,750, idadi ambayo haikufikiwa tena.

Mwaka uliofuata zilishuka hadi 500, na 1985 zikawa 400. Mwaka huo wa 1985 Riviera zote kwa jumla zilikuwa 65,305, kwa hiyo ya wazi haikufika hata moja katika mia. Biashara iliyoanza vizuri iliporomoka gari likiwa lilelile, na mshindani mkubwa alitoka nyumba moja. Cadillac walileta Eldorado Biarritz ya wazi mwaka 1984, chasisi ileile, ASC walewale, bei ikizidi dola 31,000, na waliuza 3,300. Mtu mwenye uwezo wa kutoa dola 10,000 za ziada kwa ajili ya jua na upepo hakuwa mtu wa kuangalia dola elfu chache. Alitaka nembo ya Cadillac kwenye boneti. Chini yake kulikuwa na LeBaron, na kuanzia 1983 Ford Mustang ya wazi, zote kwa bei iliyo karibu na nusu ya Riviera. Buick walibaki katikati, mahali pabaya pa kuuzia anasa.

Na hao walionunua Eldorado za 1976 na kuziweka gereji? Walipoona Cadillac ya wazi imerudi baada ya miaka minane, baadhi yao walifungua kesi ya pamoja wakidai wamedanganywa: waliuziwa gari la mwisho, na halikuwa la mwisho. Walishindwa. Sina huruma nao sana, lakini hoja yao si ya kipuuzi. Kampuni ingeweza kujitetea kwamba Eldorado ya 1984 ilitoka kiwandani ikiwa na paa, na kwamba aliyeifanya iwe wazi ni mkandarasi. Kwa maana hiyo finyu, tangazo la 1976 lilikuwa bado linasimama. Mnunuzi wa kawaida angecheka. Gari linauzwa dukani kwa Cadillac, lina dhamana ya Cadillac, limo kwenye orodha ya bei ya Cadillac.

Mwaka 1986 Riviera ilibuniwa upya, fupi, nyepesi, bila chasisi ya pekee, na bila toleo la wazi. Mauzo ya gari zima yalianguka hadi 22,138. ASC iliendelea; ilikata Toyota Celica, ikashiriki kwenye mfano wa kwanza wa Saab 900 ya wazi, ikatengeneza Porsche 944 Cabriolet. Prechter alifariki mwaka 2001. Kampuni yake ilifilisika miaka michache baadaye, viwanda vya magari vilipokuwa vimejifunza kutengeneza magari ya wazi kwenye mistari yao wenyewe.

Ukijumlisha miaka minne unapata Riviera za wazi 3,898. Hizo ndizo zilizokatwa kwa idhini. Zile za 1963 hadi 1978, ambazo kiwanda hakikuwahi kuzikata, bado zinakatwa na karakana binafsi hadi leo huko Marekani, na hapa maoni yangu hayawapendezi wengi. Riviera ya 1963 ikiwa nzima isiguswe. Mstari wa paa lake ndio gari lenyewe. Iliyopinduka au iliyooza paa, sawa, ikatwe, ila kwa fedha ya kutosha. Makadirio yanayoanza na bei ya turubai yanaanza mahali pasipo. Turubai na mitambo yake unaweza kuvipata kutoka kwenye Buick au Oldsmobile ya wazi ya miaka hiyo iliyokufa. Chasisi ya boksi pia, kama unajua mahali pa kutafuta na vipimo vya magurudumu vinakubali. Kinachokula fedha ni saa za fundi anayerudisha ugumu uliokuwemo bure ndani ya paa, na vioo vya ubavuni.

Anayeuziwa gari la zamani lililokatwa, la Buick au la mtu binafsi, asianze na rangi wala turubai. Apige jeki chini ya chasisi upande mmoja, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, hadi tairi linyanyuke, kisha aufungue na kuufunga mlango wa upande huo. Kwenye Riviera iliyoimarishwa vizuri mlango unatakiwa ufunge karibu sawa na gari linapokuwa chini. Mlango ukigusa nguzo au ukihitaji kuinuliwa kwa mkono, apitishe tochi chini ya zulia kwenye vizingiti, atafute kutu na mishono ya kuchomelea iliyopasuka, na akizikuta hizo bei ianze kushuka kutoka hapo.